Ukuta wa Udongo na Mbuzi wa Mama Vigae

Jumatatu, 2 Machi

Mdogo wangu kashika kalamu, miwani puani, uso kama anaandika wosia. Mimi kalamu sikufundishwa, mdomo nilijifundisha mwenyewe. Nimemwambia aandike yote, asinikatie maneno.

Habari kubwa: mwanangu kapiga simu. Anakuja Jumapili, si hii, ile ya pili. Kasikia nyumba yangu ina ufa. Kamwambia nani? Mama Vigae, jirani, nani mwingine. Yule tangu aweke vigae mpaka kwenye banda la kuku, nyumba ya kila mtu kwake ni gofu. Mwanangu kasema akiukuta ufa ni mbaya ananichukua nikakae kwake, ghorofa ya nne. Ya nne! Niishi juu ya vichwa vya watu kama njiwa. Nyumba hii marehemu mume wangu aliijenga kwa mikono yake, mimi nikimchotea maji nina mimba ya huyo huyo anayetaka kunihamisha. Sitoki.

Ufa upo, sikatai. Unaanzia chini ya paa, unateremka mpaka kitandani kwangu. Mwembamba tu. Kidole kinapita. Mdogo wangu anasema ngumi. Andika kidole.

Sasa sikia. Mchana nachambua mboga, redioni kuna mwanamke mwenye sauti laini, anasema siku hizi watu wenye uwezo wao wanakandika kuta kwa udongo. Kwa makusudi! Udongo, majani, mbao za zamani, vitu vilivyokwishatumika. Eti nyumba inapumua. Nikaacha mboga. Sisi tuliikimbia nyumba ya udongo kama inaungua, tukajidai na saruji, kumbe udongo ulikwenda zake kusoma na sasa unahojiwa redioni.

Palepale akili ikafunguka. Ukuta ukikandikwa, ufa uko wapi? Haupo. Mwanangu atakuta nyumba ya asili na mama wa kisasa. Mdogo wangu kasema huo ni udanganyifu. Nimemwambia hapana, ni mapambo.

Jumanne, 3 Machi

Tumekwenda kwa Mzee Chakavu, yule anayeuza mabaki ya nyumba zilizobomolewa na magari yaliyokufa. Miaka yote napita pale naona uchafu. Leo nimeingia, nikasahau kilichonipeleka.

Milango mingi, imeegemeana kama wafiwa. Mmoja pale penye kitasa mbao imelika, imeingia ndani kama kijiko. Nikauliza mchwa? Mzee Chakavu akasema si mchwa, ni mikono. Watu wamefungua na kufunga, wamefungua na kufunga, mpaka mbao ikawa na shimo la viganja. Nikatia kiganja changu. Kikaenea. Nywele zikanisimama, nakwambia kweli. Ni watu wangapi walipita hapo, wakitafuta nini?

Nikautaka. Nikataka na dirisha moja la basi, kioo chake kinateleza vizuri kuliko chochote cha Mama Vigae. Tukabadilishana kwa viti vyangu vyote vya plastiki, si sawa plastiki kwenye nyumba ya asili. Sasa tunakalia magogo. Mdogo wangu anaandika amesimama.

Dirisha limefika, ndipo ananisomea kwamba juu ya kioo imeandikwa VUNJA WAKATI WA HATARI. Nimemwambia asome maandishi ya kwenye daftari tu.

Alhamisi, 5 Machi

Udongo wa kichuguu ndio udongo. Unanata kama gundi, mchwa wameshautafuna kwa niaba yako. Lakini unataka majani ya kuushika usipasuke. Nikakumbuka ghala la nafaka kule nyuma ya kinu. Nikawaomba takataka zao za kufagia: mabua, makapi, vumbi. Wakanipa magunia matatu, wananishukuru.

Mdogo wangu akatia mkono, akasema humu mna punje za mtama nyingi. Nikamwambia hiyo ni baraka, usiibague.

Tukamwaga maji, tukavua viatu, tukaanza kukanyaga. Jamani. Mara ya mwisho kukanyaga udongo nilikuwa msichana, mama yangu mbele, shangazi nyuma, wanaimba. Nilidhani miguu imesahau. Haijasahau. Ule ubaridi ukipanda katikati ya vidole, na ile harufu ya mvua isiyonyesha! Nikasimama katikati ya tope, nikawa nalia. Mdogo wangu kauliza ni mgongo? Nikasema ndiyo, ni mgongo.

Tumekandika nje, tumekandika ndani. Ufa umezama. Mwanamke wa redioni alisema ukuta usikaushwe na jua, basi tumeufunika kwa magunia, tunayanyunyizia maji asubuhi na jioni. Ukuta umelala kama mgonjwa mwenye homa.

Mama Vigae alichungulia, akauliza mbona tunarudi porini. Nilifungua dirisha la basi, nikalifunga.

Jumatatu, 9 Machi

Andika polepole leo, usikosee.

Asubuhi nimeondoa gunia la kwanza. Ukuta ni kijani. Nikadhani macho. Nikaondoa la pili. Kijani. Majani madogo, membamba kama sindano, maelfu, kila moja lina tone la maji kichwani. Jua likapiga, ukuta wote ukawaka. Ukuta wa mume wangu umeota, kuanzia chini mpaka paani, na ndani vilevile, juu ya kitanda changu.

Nilikaa chini pale pale. Nimezaa watoto watatu, nimeona mengi, sijaona kitu kama hiki. Nikaweka kiganja. Yanasukuma! Madogo yale, huwezi kuyashika kwa kucha, yanasukuma kiganja cha mtu mzima.

Watu wamekuja. Mwashi mstaafu wa mtaa wa pili kavua kofia, kauzunguka ukuta mara mbili, kasema amejenga nyumba maisha yake yote, zote zilibaki vilevile alivyoziacha. Kisha kaondoka. Mama Vigae naye kaja. Kasimama. Kagusa jani kwa ncha ya kidole. Yule! Mwisho kauliza taratibu ni dawa gani nimetumia. Nimemwambia ni mpango, nilikuwa nao toka mwanzo. Mdogo wangu alipaliwa na chai.

Ijumaa, 13 Machi

Mama Vigae ana mbuzi. Tunamwita Shemeji kwa sababu anaingia bila hodi anakula.

Tulikuwa sokoni. Tumerudi, amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameiegemeza ukutani kwangu kama anaomba mkopo, anakula nyumba. Kila akivuta jani, mzizi unakuja na bonge la udongo. Amefika hadi urefu wa shingo. Na ufa ule pale, umetokeza, tena umenona. Ile mizizi nadhani ilikuwa inautanua humo.

Mama Vigae kaja mbio, kashika kiuno, kanilaumu mimi: tumbo la mbuzi wake limejaa kichuguu. Nikamwambia kama angemfundisha kula vigae tusingefika hapa.

Bado siku mbili. Nimekwenda tena kwa Mzee Chakavu, nimebadilisha ndoo zangu za plastiki kwa mkeka wa zamani, mpana, rangi zimefifia vizuri. Nimeutundika juu ya ufa. Ukiniuliza, umependeza zaidi.

Jumapili, 15 Machi

Amekuja. Kashuka garini na uso wa kazi, kaona ukuta, uso ukamdondoka. Alisogea mpaka karibu kabisa. Akanusa. Huyu mtu mzima, ana mvi, akanusa ukuta. Akasema marehemu baba yake angecheka mpaka akae chini. Nikajua nimeshinda.

Nikaingia ndani haraka ninyooshe shuka, aje aone na chumbani. Nimeinama juu ya mto, nasikia udongo unadondoka pa! Nikainua macho. Vidole vinne vimetokeza ukutani, katikati ya majani, juu ya pale ninapoweka kichwa. Vidole vya mwanangu. Yuko nje, kainua mkeka, katia mkono.

Navijua vile vidole, nilivikata kucha miaka. Nikavishika. Sijui kwa nini. Yeye naye akanishika, akabaki hivyo, ukuta katikati yetu. Halafu akasema kupitia ufa, kwa sauti ya chini:

"Mama, sitaki siku moja nije kukufukua humu."

Mimi, ninayeongea hata usingizini, nilitoa neno moja. Nikasema haya.

Fundi anaanza kesho. Ataufunga ukuta kwa nondo, mwezi mmoja, kisha nirudi. Mwanangu kaapa. Mdogo wangu tunakwenda naye, nani ataandika?

Jumatano, 18 Machi

Ghorofa ya nne. Nakiri kitu kimoja: leo nimesimama barazani, ndege wamepita chini yangu. Nimeona migongo yao. Umri wote huu nawajua ndege kwa matumbo, sikujua migongoni wana rangi ile. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Lakini kuta za humu! Nyeupe, baridi, uchi. Zinatia huruma. Mwanangu na mkewe wamekwenda kazini, hawarudi mpaka jioni. Mlinzi wa getini ni mtu mwema, nimemwambia udongo wa kichuguu ni dawa ya magoti, kaniletea magunia mawili kwa lifti, akanipa pole. Mtama ninao, nilikuja nao kwenye mkoba.

Mdogo wangu anasema hataandika haya. Ameandika. Amevua viatu, yumo kwenye beseni, anakanyaga huku ameshika daftari.

Nimeshakandika nusu ya sebule. Mara hii hakiharibiki kitu. Nimepita mlango kwa mlango, ghorofa zote, nimeuliza kwa adabu: hakuna mwenye mbuzi.