Tundu Lililoandikwa Dhamanani

Kurugenzi ya Utamaduni ya Tal-Kamun ina furaha na fahari kubwa kuutangazia umma kwamba kuanzia leo mji wetu unatazama mbele. Tangazo hilo niliandika mwenyewe, mimi Mamduh Shalqami, Mkurugenzi Mkuu, siku tulipopokea projekta mpya. Lilipigwa muhuri wa tai mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza wino ulikuwa umekauka.

Projekta ilikuwa na kazi moja. Jumatano ya wiki iliyofuata Gavana angekuja kutazama filamu ya mafanikio yake, dakika arobaini, na akiridhika angetia saini uhamisho wangu wa Kairo. Nilikuwa nimeusubiri uhamisho huo miaka kumi na mmoja. Mke wangu alikuwa ameshachagua mapazia ya nyumba ya huko. Kwa hiyo nasema bila kuficha kwamba niliutaka kwa kufa na kupona.

Niliunda Kamati ya Pazia la Picha. Baada ya vikao vinne, na kwa kuzingatia upana wa Mheshimiwa Gavana mwenyewe, kamati iliamua pazia liwe la mita nne. Lenzi haikuundiwa kamati, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyejua kwamba ni kitu cha kuchagua.

"Bosi, hapa tumechemsha," alisema Nagwa, fundi wetu wa picha, siku ya majaribio.

Nikatazama. Katikati ya pazia lile kubwa Gavana alikuwa anakata utepe, na picha nzima ilikuwa na ukubwa wa kitambaa cha meza tu.

"Mkuze," nikaamuru.

"Hakui. Hii lenzi ni ya mbali, ya kumbi kubwa. Namba yake tano. Unachukua upana wa pazia, mita nne, unazidisha mara tano. Projekta inataka kukaa mita ishirini kutoka kwenye pazia. Ukumbi wako una mita tisa."

"Irudishe nyuma."

"Nimeshairudisha, bosi, imegusa ukuta. Ikirudi tena itakuja kunywa chai na wewe ofisini."

Akanieleza kwamba dawa yake ni ndogo. Ipo lenzi ya karibu, namba mbili, iliyokuja pamoja na projekta na sasa iko stoo. Mita nne mara mbili ni nane, ukumbi unatosha na chenji inabaki. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi.

Tulimkuta mtunza stoo, Ami Wanis, anakula ful, maharage yake ya kupondwa, juu ya kitabu cha dhamana. Ndani ya kitabu hicho kila mali ya serikali ina jina la mtu aliyeitia saini, na mtu huyo ndiye atakayeulizwa siku ikikosekana.

"Lenzi ipo," alisema. "Nzima, kwenye boksi lake, na lakiri nyekundu juu. Ila haitoki."

"Ami, Gavana anakuja keshokutwa!"

"Na akaribie. Lakiri inavunjwa na kamati, na kamati inakaa Julai. Waraka Namba Kumi na Saba, Mheshimiwa Mkurugenzi. Nikusomee?"

Sikuhitaji kusomewa. Waraka huo niliuandika mimi, mwaka ule vilipopotea viti viwili, na hakuna kazi ya mkono wangu inayoufikia kwa uzuri. Unasema kwamba kilichoandikwa dhamanani hakitoki, hakipungui wala hakizidi, na aliyekitia saini haondoki mpaka apatikane mwingine wa kukitia saini. Niliwahi kumsomea mke wangu kifungu hicho wakati wa chakula.

"Sasa bosi," Nagwa akasema, "unavunja waraka au unavunja ukuta?"

Alikuwa ananitania. Hilo nililijua baadaye sana.

Ukuta wa nyuma wa ukumbi ndio ukuta wa mbele wa ofisi yangu. Ofisi ina urefu wa mita kumi na mbili, yaani inauzidi ukumbi wa umma kwa mita tatu, jambo linaloendana na cheo. Meza yangu iko kwenye mita ya kumi na moja. Kumi na moja na tisa ni ishirini. Hesabu ilikubali yenyewe, na sikuona sababu ya kugombana nayo.

Kwa moyo wa kubana matumizi tulitoboa kwanza tundu la ukubwa wa sinia. Projekta ikawekwa mezani kwangu, ikawashwa, na kwenye pazia ikatokea pua ya Gavana peke yake.

"Pua si inatosha kumtambulisha mtu?" niliuliza.

"Kwa mama yake, labda," Nagwa akajibu.

Tukapanua mpaka mita mbili na robo kwa mita moja na nusu. Gavana akajaa pazia zima, sikio hadi sikio, na wajumbe wa kamati wakampigia makofi ingawa hakuwepo.

Ami Wanis akaja na kitabu.

"Projekta moja, lenzi ya mbali moja, vimehamia kwako. Saini hapa. Tundu moja. Saini hapa."

"Tundu pia?"

"Limetobolewa kwa zana za serikali, saa za kazi, kwenye ukuta wa serikali. La nani kama si la serikali?"

Nikasaini haraka haraka. Akili yangu ilikuwa Kairo.

Jumatano Gavana alijitazama dakika arobaini, akalia mara mbili, na akatia saini uhamisho wangu palepale, akiegemeza karatasi mgongoni mwa dereva wake. Niliwagawia wafanyakazi keki za basbusa. Mwenzangu, aliyeletwa kushika nafasi yangu, akafika Jumapili na sanduku lake kwa ajili ya makabidhiano. Akasaini meza, bendera, projekta na lenzi. Kwenye tundu akainua kalamu.

"Hii nini?"

"Tundu," nikasema.

"La kazi gani?"

"La Gavana."

"Silichukui. Andikeni halipo."

"Nitaandikaje halipo, mheshimiwa?" alisema Ami Wanis. "Punda anapita hapo na mzigo wake."

"Basi lizibe, Ami!" nikapiga kelele. "Leta matofali, leta saruji, lizibe leo!"

"Nikiliziba nitaandika nini? Kwamba tundu la serikali limepotea likiwa mikononi mwako? Hiyo ni kesi." Akatoa utepe, akapima, akatikisa kichwa. "Na plasta imedondoka. Tundu limezidi sentimita nne. Waraka unasema halizidi. Lazima ziada ichunguzwe."

Mwenzangu alisikia neno "ichunguzwe" akachukua sanduku lake. Nafasi ya Kairo ilikuwa wazi, naye mizigo alikuwa ameshafunga. Leo anakaa huko, na nasikia mapazia yake ni mazuri. Niliumia, sisemi uongo. Nililia kwenye meza ile ile, mbele ya watu, kwa kuwa tundu halina mlango.

Mlango ninao, na mlinzi, na daftari la miadi ya wiki tatu. Hakuna anayeutumia. Wananchi huingia ukumbini na kuegemeza viwiko tunduni.

"Mkurugenzi, nakuona!" huita Hajja Insaf, mwenye malalamiko ya maktaba. "Acha kujifanya unaongea na simu, waya umechomoka!"

Julai kamati ikakaa, lakiri ikavunjwa, na Nagwa akairudisha projekta ukumbini na kuifunga lenzi ya karibu kwa dakika kumi. Picha ikajaa pazia. Tundu halikuwa tena na kazi yoyote duniani. Nilimwendea Ami Wanis nikiwa na matumaini yote niliyobakiwa nayo, lakini hakufungua hata kitabu.

"Kunywa chai, mwanangu," akaniambia. "Wenzako wanatolewa kwa dhamana. Wewe umewekwa ndani kwa dhamana."

Kila Alhamisi mchana madirisha ya ukumbi hufungwa na filamu huonyeshwa, bure, kwa mji mzima. Ukumbi hujaa. Mwanga wa ofisi yangu ndio unaosumbua.

"Bosi!" Nagwa hupaza sauti kupitia tunduni, watu wote wakigeuka. "Zima taa hiyo, unatuharibia picha!"

Nami, Mkurugenzi Mkuu, nazima.