Ndoo ya Bluu na Mgeni wa Wizara

Jumatatu, 4 Machi

Kwako Mama Kurasa, mke wangu,

Habari kubwa. Serikali imetenga fedha za kujenga na kukarabati maktaba za umma. Mkaguzi wa wizara anakuja Alhamisi kutazama yetu. Zilizochakaa zaidi zitatangulia. Zitakazokosa zitafungwa, vitabu vipelekwe mbali. Nikafurahi sana. Nani atatushinda kwa kuchakaa? Dari linavuja juu ya kona yako ya watoto tangu enzi zako, na ukuta wa pale una madoa kama ng'ombe.

Kisha akaingia mdogo wako, aliyerithi meza yako ya ukutubi. Na kopo la rangi. Nyeupe. Anasema mgeni wa wizara hawezi kukuta uchafu. Nikamwambia uchafu ndio mtaji wetu. Akaniuliza, "Shemeji, wewe ukitembelewa unamwaga takataka sebuleni?"

Nikapewa ngazi niishike.

Jumanne, 5 Machi

Ukuta unang'aa kama jino la bandia. Inauma kuutazama. Shemeji alipokwenda kula, nikachemsha majani ya chai mpaka maji yakawa meusi, nikayapaka ukutani kwa sifongo yangu ya kupakia rangi viatu. Nilikusudia madoa ya unyevu. Yakatoka maua. Sijui imekuwaje. Labda mkono wa fundi viatu umezoea kupendezesha.

Babu Gazeti, ambaye bado anakalia kiti kilekile ulichompa, akasema siku nyingi hajaona mapambo kama yale. Shemeji akarudi, akasema ahsante kwa kujitolea, ila maua hayafai ofisi ya umma. Akapaka rangi tena. Nikashika ngazi.

Jumatano, 6 Machi

Vita vya ndoo. Ile ya bluu, uliyokuwa ukiitega chini ya tundu. Shemeji ameificha chini ya meza na kuifunika kwa kitambaa chako cha maua. Nikaitoa. Akairudisha. Nikaitoa tena, nikaisukumia chini ya kiti cha Babu Gazeti ili mkaguzi aione akiingia. Babu Gazeti akaipindua, akawekea miguu. Akanishukuru.

Tundu nalo limezibwa kwa kipande cha ubao na kupakwa rangi. Huwezi kujua kama paliwahi kuvuja.

Mimi najua. Mvua ikinyesha ulikuwa ukinyamaza katikati ya hadithi. Tone likianguka ndooni, unawaambia watoto kuna mhusika mwingine anapiga hodi. Nami nimesimama mlangoni na viatu vya mteja mkononi, nimesahau nilikokuwa nakwenda.

Kesho lazima dari livuje. Mbingu haina hata wingu. Nitafanya mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Mkaguzi ni mama mpole, miwani imening'inia shingoni. Akazunguka. Akasifu usafi. Shemeji akatabasamu mpaka masikioni. Kisha mkaguzi akasema kwa upole kwamba jengo letu linajitahidi, na kuna maktaba zenye hali mbaya zaidi. Tabasamu la shemeji likakwama palepale. Hapo ndipo alipoelewa. Nilimhurumia, kweli. Ana uso wako akihuzunika.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Ngazi, dumu la maji, bati la pembeni lililolegea. Nikaingia darini kwa tumbo. Mpango ulikuwa kumwaga kidogokidogo. Mguu wangu ukakanyaga kile kipande cha ubao.

Mguu ukapita, mimi nikabaki. Maji yote yakashuka. Kiatu kikafuata.

Babu Gazeti, bila kuinua macho kwenye ukurasa wake, akasema, "Mvua ya leo ina mguu."

Mkaguzi akauliza kama jambo hili hutokea mara kwa mara. Shemeji akamjibu kwamba huyo aliyening'inia ni shemeji yake, na kwake yeye mambo haya hayaishi. Kisha akaivuta ndoo chini ya miguu ya Babu Gazeti, akaiweka mezani, akaeleza yote. Tundu, madoa, watoto wanaohamishwa kona kila masika, dada yake aliyeomba chumba cha watoto mpaka mwisho wake. Sauti ilimkatika mara moja tu. Nilisikia vizuri, sikio langu lilikuwa darini.

Mkaguzi akagusa ukuta. Rangi ikamjia kiganjani, mbichi, na nyuma yake unyevu. Akasema mngenionyesha hivi tangu mwanzo ningekuwa nimeshamaliza.

Ijumaa, 8 Machi

Tumepita. Paa jipya, na chumba cha watoto. Ila kwa sababu ya shimo langu, maktaba imefungwa mpaka mafundi waje. Vitabu vya watoto vimehamia sebuleni kwetu. Shemeji aliniapisha: hakuna ujanja tena, ukweli mtupu. Nimekubali kwa moyo wote. Mguu umevimba.

Jumamosi, 9 Machi

Watoto walijaa mpaka jikoni. Niliwasomea. Mimi si msomaji kama wewe, nilipotea mistari mara kadhaa, wakanirudisha. Ndoo yako niliiweka katikati, kwa heshima tu. Mvua ikaanza, ya kweli safari hii. Nikanyamaza kama ulivyokuwa ukinyamaza. Kimya. Binti mdogo wa jirani akachungulia ndani ya ndoo, akauliza, "Babu, mbona hapigi hodi?"

Nyumba yetu haivuji. Mpaka leo sikuwahi kuliona hilo kuwa kosa.

Nimelitazama lile bati lililo juu ya kiti chako. Msumari mmoja tu, ukilegezwa kidogo. Shemeji hana haja ya kujua. Ngazi nimeshaiegemeza.

Nikumbuke, Mama Kurasa.