Picha ya Mkurugenzi Isiwe Ndogo

Kijana hufananaje? Swali hilo liliingia katika Idara ya Ustawi wa Vijana kwa barua yenye mihuri miwili, na hadi leo, baada ya vikao kumi na vinne, hata msimulizi wa habari hizi hawezi kulijibu kwa uhakika. Kilichojulikana siku ile ni kwamba Idara ilikuwa na furaha kuutangazia umma kuwa itachapisha, kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake, jarida la muziki kwa wasomaji vijana. Kwamba jarida hilo litakuwa na mvuto. Na kwamba mvuto huo utasimamiwa na kamati.

Kamati ya Mwonekano ilikuwa na wajumbe saba chini ya uenyekiti wa Mkurugenzi mwenyewe. Ili sauti ya vijana isikosekane, mjumbe mmoja alikuwa mwakilishi wa vijana. Aliteuliwa miaka thelathini na mmoja iliyopita, na kwa kuwa barua ya uteuzi haikutaja tarehe ya mwisho, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumzeesha. Watu wote walimwita Kijana. Alikuwa na miwani jozi mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea.

Kazi ya kupanga kurasa ilikabidhiwa Msanifu, binti wa mwaka wa mwisho chuo kikuu, aliyekuja Idarani kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu. Aliaminiwa upesi kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyeweza kuwasha kompyuta ya ghorofa ya pili bila kumpigia mtu simu. Binti huyu alikuwa na imani. Aliamini kwamba ukurasa uliopangwa kwa heshima unaweza kumfanya mtoto aliyekata tamaa ainue kichwa. Na kulikuwa na ahadi aliyomwekea mdogo wake, ambayo ilimkosesha raha hata wakati wa chakula.

Mdogo wake huyo, mtoto wa mama yake mdogo, alikuwa na miaka kumi na sita na alipiga ngoma. Alikuwa nazo tatu, pamoja na sahani moja ya shaba yenye ufa, katika chumba cha nyuma kilichohifadhi pia majalada ya baba yake. Baba yake alikuwa karani mstaafu wa masjala. Alifanya kazi miaka arobaini kati ya karatasi, na hata mvua hakuiamini mpaka itangazwe.

"Mwanangu," alimwambia Msanifu, "mimi sina ugomvi na ngoma. Nina ugomvi na kitu kisicho na karatasi. Serikali ikimtambua mdogo wako, nami nitamtambua. Isipomtambua, mwisho wa mwezi ujao zile ngoma zinatoka humu ndani."

"Zinakwenda wapi, Baba mdogo?"

"Kwa mtu mwenye kibali."

Msanifu alimgeukia mdogo wake, aliyekuwa amezikumbatia fimbo zake kifuani. "Nitakuweka kwenye jalada la jarida," alisema. "Jalada zima."

"Dada, usinitanie."

"Sikutanii."

Siku ya kikao, Msanifu alibandika kurasa ishirini na nne ukutani, kwa mpangilio, kila moja na pini nne. Jalada lilikuwa na mdogo wake, msichana aliyeinua fimbo mbili, nywele zikiruka, rangi ya chungwa ikiwaka nyuma yake, na herufi kubwa zilizoinama kana kwamba zinakimbilia mahali. Wajumbe walizikagua kurasa wakiwa wamefunga mikono nyuma, kama watu waliokuja kutambua maiti.

"Hizi herufi zimelala," alisema Mkurugenzi. "Zinaumwa?"

"Zimeinama, Mheshimiwa. Zinaonyesha mwendo."

"Idara hii haina mwendo wa kuinama. Zisimame."

Katibu wa Kamati aliandika: *Herufi zisimame.* Katibu huyu alikuwa mtu mwembamba aliyeandika kila kitu, hata kupiga chafya kwa wajumbe, alikokuita "kuchangia hoja."

Mtunza Stoo, mama mnene mwenye funguo kiunoni, alisogea karibu na ukurasa wa sita. Akaupapasa kwa kiganja. "Binti, hapa mbona hapana kitu?"

"Ni nafasi tupu, mama. Nimeiacha kwa makusudi."

"Karatasi ya serikali uiache tupu kwa makusudi?"

"Ni kwa ajili ya macho ya msomaji. Yapate kupumzika."

Mtunza Stoo aliwatazama wenzake ili wamsaidie kubeba alichokisikia.

"Yapumzike," alirudia Mkurugenzi taratibu. "Saa za kazi?"

Katibu akaandika: *Macho yasipumzike.* Kijana, kwa niaba ya vijana, aliunga mkono, akaongeza kwamba vijana aliokuwa nao walipenda sana mistari ya kujazia. Nafasi zote tupu zikapangiwa maelekezo ya kuosha mikono.

Hata hivyo jalada lilikuwa bado zima, na Msanifu alikuwa ameanza kushusha pumzi Katibu aliponyanyua kidole.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna ule Waraka wako."

Mkurugenzi aliinamisha macho kama bi harusi. "Jamani, mimi sipendi kujionyesha. Lakini waraka ni waraka. Soma."

Katibu akasoma kwa sauti ya kanisani: "Panapotokea picha ya mtu aliye hai katika chapisho la Idara, patatokea pia picha ya Mkurugenzi: (a) isiwe ndogo kuliko picha hiyo, (b) isiwe chini yake, (c) isiwe na doa."

Msanifu alihesabu kwa macho. "Kuna picha kumi na tisa za wanamuziki."

"Basi kuna Wakurugenzi kumi na tisa," alisema Katibu, akiwa ameridhika na hesabu.

Sasa, picha rasmi ya Mkurugenzi ilikuwa moja tu, nayo ilining'inia katika kila ofisi, pamoja na choo cha wageni. Ilipigwa kwenye mkutano na waandishi wa habari. Mpiga picha alibonyeza kitufe wakati ule ule Mheshimiwa alipokuwa akimfukuza nzi kwa mkono wa kulia na kuuliza, "Umeshapiga?" Kwa hiyo mkono ulikuwa juu, kiuno kimepinda kidogo, mdomo wazi, na mbele ya mdomo kulikuwa na kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema Msanifu kwa uangalifu, "chini ya kila picha nimeandika jina la kundi na jina la wimbo. Chini ya picha yako niandike nini?"

"Andika jina la Mkurugenzi?" Katibu alishtuka. "Nani asiyemjua? Hayo ni matusi."

"Lakini wasomaji ni watoto wa shule. Wataona picha mbili na jina moja la wimbo. Watadhani Mheshimiwa ni mwimbaji."

"Na wadhani!" alisema Mkurugenzi, akicheka kwa ukarimu. "Kuna ubaya gani kijana akinidhania mema?"

Katibu akaandika: *Wadhani.*

Usiku huo Msanifu alifikiria kuandika barua ya kuacha kazi, akaandika hata aya mbili nzuri. Kisha akakumbuka fimbo zilizokumbatiwa kifuani, akaichana ile barua. Ili Wakurugenzi kumi na tisa waenee, wanamuziki walipunguzwa, wakapunguzwa tena. Aliwabana kwa mkono wake mwenyewe, akiwaomba radhi mmoja mmoja. Mpiga ngoma alibaki kwenye jalada, pembeni chini, ukubwa wa kiberiti. Juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, Mkurugenzi alimfukuza nzi.

Jarida lilipotoka, Baba mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akalipeleka dirishani penye mwanga, akavaa miwani.

"Huyu mkubwa ni nani?"

"Mkurugenzi, Baba mdogo."

"Na mwanangu yuko wapi?"

Mpiga ngoma alimwonyesha kwa ncha ya kucha. Mzee alipima kwa kidole gumba. Kidole kilienea, kikabakiza.

"Sawa," alisema hatimaye, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Serikali imekutambua kiasi hiki. Nami nitakutambua kiasi hiki hiki. Utapiga ngoma Jumamosi, dakika kumi. Na ngoma moja tu; hizo mbili zitatoka mwisho wa mwezi kama nilivyosema."

Mpiga ngoma hakulia. Alikwenda kukaa chumba cha nyuma, akawa anagonga goti lake kwa vidole. Msanifu alimsikia kupitia ukutani, akatamani kuta zote za dunia zingekuwa za karatasi ili azipange upya.

Wiki ya pili barua zikaanza kufika Idarani. Wiki ya tatu zikawa magunia. Katibu alizifungua akitarajia pongezi, na pongezi zilikuwemo. "Tunampenda sana yule mzee anayeimba kila kundi," aliandika mwanafunzi mmoja. Mwingine aliuliza mzee anapumua saa ngapi. Darasa zima liliomba kujua yale mapigo ya kiuno hufundishwa wapi. Shuleni, wakati wa mapumziko, watoto walisimama mkono mmoja juu, kiuno upande, mdomo wazi, nao huo ukaitwa mtindo.

Mkurugenzi alisoma barua hizo akiwa amefunga mlango, na kwa siku mbili alionekana akipita mbele ya vioo kwa mwendo wa kusitasita. Siku ya tatu ilikuja barua ya namna nyingine, kutoka ghorofa ya nne ya jengo lile lile, Ofisi ya Usajili wa Wasanii. Ilisema kwamba msanii aliyetokea katika nyimbo kumi na tisa hana usajili. Kwa mujibu wa Kanuni, afike mbele ya jopo ndani ya siku kumi na nne, pamoja na mwanamuziki aliyeonekana naye kwenye jalada, aimbe, apimwe.

"Kanuni gani hiyo ya kijinga?" alifoka Mkurugenzi. "Nani aliisaini?"

Katibu aligeuza ukurasa, akauangalia, akaugeuza tena asiyaone macho ya mkubwa wake. "Ni wewe, Mheshimiwa."

"Basi waambie mimi si msanii!"

"Ukisema hivyo, jarida litakuwa limeudanganya umma. Na mhariri mkuu wa jarida..."

"Ni nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Mkurugenzi aliketi. "Na nikisema ni msanii?"

"Utaimba, Mheshimiwa."

Barua ya kumwita mpiga ngoma ilifika nyumbani ikiwa na muhuri wa bluu. Baba mdogo aliisoma akiwa amesimama. Akaenda kubadili shati, akavaa koti alilostaafu nalo, akaibeba ngoma kubwa begani mwenyewe. "Zote tatu," alisema, "na ile sahani. Tumeitwa na ofisi."

Ukumbi ulikuwa umefurika wanafunzi hadi madirishani. Jopo lilikuwa la maofisa watatu na fomu moja. Mkurugenzi alipanda jukwaani, akainua mkono, akafungua mdomo, na kwa muda mrefu akafanana kabisa na picha yake. Hakuna kilichotoka.

"Mzee," mpiga ngoma alimnong'oneza, "imba chochote unachokijua kwa moyo. Mimi nitakufuata."

Mheshimiwa alijipekua kichwani. Katika maisha yake yote ya utumishi kulikuwa na kitu kimoja tu alichokijua kwa moyo.

"Panapotokea picha ya mtu aliye hai," alianza, kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Ngoma ikamdaka. Ikaingia chini ya maneno yale, ikayanyanyua, ikayapa miguu. "Katika chapisho la Idara, patatokea pia picha ya Mkurugenzi..." Na watoto, ambao hawahitaji kuambiwa kiitikio kiko wapi, wakajibu kwa pamoja: "Isiwe ndogo! Isiwe ndogo!" Kioo cha dirisha kilitetemeka. Katibu, kwa mazoea, aliandika. Kijana alipiga makofi kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, bila kuunga mkono hoja yoyote. Kwenye kifungu (c) Mkurugenzi alipotea, akawa anaimba doa mahali pasipo doa, na ngoma ikaendelea bila yeye, peke yake, dakika tano nzima. Jopo likasahau fomu.

Matokeo yalibandikwa alasiri hiyo. *Mwombaji wa kwanza: hana mapigo. Anashauriwa kujifunza kwa mwombaji wa pili. Mwombaji wa pili: amesajiliwa.* Cheti cha mwombaji wa pili kilikuwa cha ukurasa mzima. Baba mdogo alikiinua kwenye mwanga, akauchunguza muhuri, akakishusha.

"Ukubwa wake umeuona, Baba?" aliuliza binti.

"Nimeuona," alisema mzee. "Utapiga kila siku. Majalada nitayahamishia chumbani kwangu."

Jumatatu Kamati ilikutana kupanga toleo la pili. Mkurugenzi aliingia kwa kupitia mlango wa nyuma, maana ule wa mbele ulikuwa na watoto waliomwimbia kila aliposhuka garini. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Picha yangu itolewe," alisema. "Kurasa zote."

"Lakini Waraka, Mheshimiwa..." alianza Katibu.

"Waraka nimeuimba, Katibu. Sasa naujua ulivyo. Futa." Kisha akamgeukia Msanifu kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima kikiwa kimevunjika. "Binti, toleo hili utalifanyaje?"

Kalamu zote zilingoja. Msanifu alisimama. Kwa mara ya kwanza hakubandika kitu ukutani.

"Kurasa nitazipanga pamoja na wasomaji walioandika zile barua," alisema. "Kila Jumatano watakaa kwenye meza hii, na Kamati itakaa kwenye benchi la wageni. Jalada ni la mpiga ngoma, ukurasa mzima. Herufi zitainama."

"Na hapo palipokuwa na picha ya Mheshimiwa?" aliuliza Mtunza Stoo, akizishika funguo zake zisilie. "Hapo pote? Patawekwa nini?"

"Hapawekwi kitu, mama," alisema Msanifu. "Macho yatapumzika."