Fizi Zangu, Sukari Yangu

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Kibiti, kliniki ya kisukari. Sukari kumi na saba! Vidonge nameza. Ugali nala wa dona. Kidonda cha mguuni hakikauki, mwezi wa pili sasa. Daktari hata mguu hakuutazama. Kaniambia nipanue mdomo, kisha akasogea nyuma. Kasema fizi zimejaa usaha, usaha unapandisha sukari, na sukari nayo inazidi kuzila fizi. Kanipeleka kwa tabibu wa meno, Bi Subira, binti mdogo mwenye koleo kubwa. Kauliza nilipiga mswaki lini. Nikajibu kwa fahari: sikukuu ya Idi. Anataka nirudi Ijumaa asafishe ugaga, ang'oe na magego mawili yanayocheza. Mimi! Niliyekata mikoko Salale miaka ishirini, mamba akinitazama! Sirudi.

Jumatano, 3 Septemba
Zuena, mke wangu, kaninunulia mswaki. Kaapa kuukagua asubuhi na jioni. Mbinu nimeipata: naulowesha, naupaka dawa kidogo, naurudisha kikombeni. Akili ninayo! Jioni kaunusa mswaki, kisha akaninusa mimi. Akasema, "Baba Warda, mswaki huu una mdomo mzuri kuliko wako."
Nimehamishiwa mkeka wa barazani.

Alhamisi, 4 Septemba
Mazoezi ya maulidi ya mtaa, yatakayosomwa Jumapili asubuhi. Miaka kumi na moja msomaji ni mimi, mstari wa mbele. Leo ustadhi kaniomba kwa adabu nisimame nyuma, eti sauti yangu inafika hata kutoka mbali. Wote wakaafiki haraka mno. Nafasi yangu kapewa Hemedy wa bodaboda. Sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi! Lakini meno meupe kama nazi. Roho inaniuma kuliko magego.

Ijumaa, 5 Septemba
Bi Subira ananisubiri. Asubiri, ndilo jina lake. Dawa yangu ninayo: konzi ya karafuu, chumvi, ndimu mbili. Nikatafuna vyote kwa mpigo. Ya Rabi! Fizi moto, machozi, kamasi. Nikakimbilia chai yenye sukari ya kutosha nipooze mdomo. Vikombe vitatu. Zuena nikamwambia natoka kusafishwa meno. Akafurahi, akanipikia wali wa nazi. Nimeshindwa kuutafuna.

Jumapili, 7 Septemba
Shavu limevimba kama papai. Homa. Maulidi nimeyasikia kitandani, kwa kipaza sauti. Hemedy anasoma, watu wanaitikia kwa raha zao. Na nani kahudhuria? Bi Subira! Zuena akamshukuru kwa kunisafisha. Bi Subira akasema hajaniona tangu Jumatatu.
Zuena karudi, hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema kaka yake wa Mahege alianza hivi hivi, kidonda kidogo na sukari isiyoshuka, mpaka wakamkata mguu. Akasema, "Nikuzike wewe kwa ajili ya mswaki?"
Nikageukia ukutani. Nimelia kwa upande mmoja tu wa uso. Wa pili hausogei.

Jumatatu, 8 Septemba
Kliniki nimepelekwa na bodaboda ya Hemedy. Aibu juu ya aibu! Njia nzima anaendesha polepole, ananiuliza, mzee, umeshika vizuri? Bora angenicheka. Sukari ishirini na moja. Nimechomwa sindano. Bi Subira kakamua usaha, kang'oa magego yote mawili, kakwangua ugaga. Hakunisimanga. Kasema fizi inayotoka damu ni kidonda kama kile cha mguuni, ila hiki tunakifunika kwa midomo. Nimeapa. Mswaki asubuhi, mswaki kabla ya kulala. Kweli kweli.

Jumanne, 16 Septemba
Sukari kumi na moja! Kidonda kinakauka. Zuena kacheka, nilishasahau anavyocheka. Bi Subira kasema sukari imeshushwa na dawa na fizi kutulia, basi niendelee na mswaki maisha yangu yote. Yote! Njiani nimepiga hesabu. Magego mawili yametoka, sukari imeshuka kumi. Kila gego tano! Wamesoma wote wale, hili hawakuliona. Nimebakiwa na meno ishirini na sita. Kesho alfajiri namfuata Bi Subira ang'oe mawili mengine. Sukari itabaki moja! Nimepona, narudi kwenye halua. Mswaki nimeshampa Zuena asugulie masufuria.