Nirudishiwe Alama Zangu Kumi na Sita

Schaerbeek, tarehe 21 Agosti 2012

Kwa Maman Pétronille,
Mkurugenzi wa Masomo ya Kiingereza ya Jumamosi,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate.

Yahusu: kunyimwa alama kumi na sita zilizo haki yangu

Maman Mkurugenzi mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mwanzo wa barua. Nyingine nimeziweka akiba kwa ajili ya mwisho, maana hapa katikati sitakuwa na nafasi.

Mimi ni Désiré Kashindi, yule wa safu ya mbele, karibu na radiateur, ile ya kupasha joto, mwenye kofia. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ni mtu wa Bukavu na mimi ni mtu wa Uvira, tutaelewana. Kifaransa changu ni cha kuongea, kikifika kwenye karatasi kinaona haya. Na nikiandika kwa Kiingereza, Mwalimu Noé atanirudishia barua imejaa mistari ya rangi kama ramani ya metro.

Tarehe onze, yaani kumi na moja, mwezi huu tulifanya mtihani. Maswali yalikuwa matano: mwalimu anatoa msemo wa Kiingereza wa kila siku, sisi tunaandika maana yake. Mimi nilijaza kurasa kumi na moja, nikaomba karatasi ya nyongeza mara mbili. Rigobert, mume wa dada yangu, alijaza nusu ukurasa, na sehemu ya nusu hiyo ilikuwa jina lake. Matokeo: Rigobert, treize sur vingt, kumi na tatu kwa ishirini. Mimi, quatre, nne tupu.

Maman, silii kwa ajili ya namba. Kaka yangu mkubwa alifariki miaka sita iliyopita akaniachia binti yake Gracieuse. Mwezi ujao, tarehe 15, wakwe wanakuja kutoka Birmingham kuleta mahari, katika salle moja, ukumbi wa sherehe, kule Evere. Unajua desturi yetu: kila upande una msemaji wake, na wasemaji ndio wanaopambana kwa maneno mpaka mtoto atoke ndani. Msemaji wa upande wetu ni mimi. Nani mwingine? Lakini kijana anaitwa Jimmy, jina la Kiingereza kabisa, na kwao ni Birmingham. Donc familia ilikaa ikaamua kwamba kati yangu na Rigobert, atakayepita ten kwenye mtihani wako ndiye atakayesimama. Gracieuse alijaribu mara tatu kuniambia jambo fulani kuhusu hao wakwe, nikamnyamazisha mara tatu. Mambo ya wakwe si ya bibi harusi.

Sasa Rigobert ameshanunua tai. Jumapili alinigonga begani mbele ya watoto: «Pole mukubwa, wewe utakaa karibu na soda.» Karibu na soda, Maman! Kwenye mahari ya mtoto wa kaka yangu!

Ndiyo maana natoa malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Msemo wa kwanza ulikuwa «hang up». Waingereza wakimaliza kuongea na simu husema wameitundika. Noé alitaka tuandike «kukata simu», basi, twende nyumbani. Lakini simu ya mfukoni utaitundika wapi? Mimi nimetundika. Tangu mwaka 1979 hadi 1984, posta ya kwetu Uvira, simu ilikuwa sanduku la mbao ukutani lenye ndoano ya shaba, na ule mkono wa kusikilizia ulikuwa mzito kama paja la mbuzi. Nilikuwa naunganisha simu za mji mzima kwa mikono miwili, na mguu wa kulia kwa simu za nje ya nchi. Siku moja nilitundika kwa nguvu kidogo tu, gavana upande wa pili, Bukavu, akaanguka kutoka kwenye kiti. Alinipigia tena kuniomba radhi. Yote hayo niliyaandika. Noé akaweka sifuri, na pembeni: «Hadithi tamu, jibu liko wapi?»

2. Wa pili, «carbon copy». Hawa watu wa maofisi makubwa ya Evere, wakituma barua kwenye kompyuta wanaweka c mbili, maana yake nakala ya kaboni. Mwombe mmoja wao akuonyeshe hiyo kaboni. Hana. Vidole vyake ni safi kama vya mtoto aliyezaliwa asubuhi. Mimi, posta ileile, nilikuwa napiga taipu na karatasi saba, kaboni sita katikati, na kidole changu kilikuwa na nguvu kiasi kwamba nakala ya nane ilitokea kwenye mbao za meza. Meza hiyo ilipouzwa, aliyeinunua alijua siri zote za mji. Sifuri.

3. Wa tatu, «let off steam», yaani kutoa mvuke. Noé anasema eti ni mtu kumaliza hasira zake. Bon. Nilikaa miezi mitatu kwenye boila ya meli, bandarini Kalundu, wakati posta ilipoazima watu wake. Fundi mkuu alipougua, niliachiwa boila peke yangu. Nilichochea moto mpaka meli ikapita bandari, ikapanda barabara, ikasimama mbele ya soko. Nilipofungua mvuke, akina mama waliokuwa na mihogo mibichi waliuza mihogo iliyoiva. Je, Maman, mtu huyo anafundishwa maana ya mvuke na kijana aliyesoma Leeds, anayechemsha maji kwa kubonyeza kitufe? Hapa niliweka na mchoro. Sifuri kwa mchoro pia.

4. Wa nne unahusu herufi kubwa, ambazo Waingereza huziita «upper case», za kasha la juu, kwa sababu zamani mpanga chapa alikuwa anazitoa kwenye kasha la juu, zile ndogo kwenye kasha la chini. Kiwanda cha chapa cha misheni kilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka posta, nilikuwa nasaidia saa ya mapumziko. Nilikuwa napanga gazeti zima macho yamefungwa. Siku nilipoyafungua nilifanya makosa. Sifuri.

5. Wa tano ndio ulionitoa machozi. Ulikuwa «flash in the pan», msemo wa bunduki za kale, zile za kumimina baruti kwenye kisahani. Sijawahi kushika bunduki, na mimi siandiki nisilolifanya. Niliandika mstari mmoja tu, kwa uaminifu: «Sijui, labda ni kitu kinachong'aa mara moja halafu hakiendelei.» Hapo Noé alinipa alama zote nne! Donc mahali ninapojua napata sifuri, mahali nisipojua napata zote. Shule gani hii, Maman?

6. Nilimfuata Noé chini, mbele ya duka la mikate, nikamweleza kwa upole. Watu wa kituo cha tramu walisikia upole wangu. Akanijibu: «Papa Désiré, wewe unanieleza mashine. Mimi nauliza watu wanamaanisha nini.» Nikamuuliza, na hiyo mashine aliitengeneza nani, watu au nyani? Tramu ikaja, akapanda. Haikuwa tramu yake.

Sasa fikiria pamoja nami, taratibu. Maneno hayo yalizaliwa kazini. Waliofanya kazi hizo Ulaya wote wamekufa, nimeuliza mpaka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya usafi kule Molenbeek, kuna bibi mmoja tu aliyewahi kupiga taipu, na hakumbuki. Mimi nimebaki. Mtu aliyebaki peke yake na shamba, shamba ni lake. Alors, misemo hii ni mali yangu, na Kiingereza kinaishi kwangu kama mpangaji.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, bila kulazimisha:

Kwanza, nirudishiwe alama zangu kumi na sita kabla ya tarehe 15 mwezi ujao, nifikishe vingt, na karatasi ipigwe mhuri mkubwa unaoonekana kutoka mwisho wa salle.

Pili, Mwalimu Noé afanye mtihani kwangu. Nitampa ukuta, ndoano na simu ya zamani, atundike mara hamsini bila kuangusha. Nitakuwa mwadilifu, nitamwachia na dakika za kupumzika.

Tatu, mwanafunzi yeyote asiruhusiwe kusema msemo wa kazi asiyoifanya miezi mitatu. Anayetaka kutoa mvuke akatafute boila. Kama darasa litabaki kimya kwa muda, ni kimya chenye ujuzi.

Nne, maofisi ya Evere yaniandikie barua kuomba ruhusa kila yanapoweka zile c mbili. Sitakataa. Nitajibu zote, kwa mkono, Jumanne na Alhamisi.

Tano, na hili ni dogo, Waingereza wenyewe waarifiwe.

Rigobert sitaki aadhibiwe. Alama zake treize abaki nazo, na tai yake pia, nzuri kwa kubeba masanduku ya soda. Lakini siku ile nataka nisimame mimi, niseme jina la kaka yangu mbele ya wageni, nipokee mahari ya mtoto wake kwa mkono huu uliomnyanyua akiwa na siku mbili. Hilo peke yake ukinipa, yale mengine tunaweza kuzungumza.

Sasa zile heshima za akiba: pokea salamu zangu na za mama watoto, msalimie mume wako na wale mapacha, msalimie mama wa duka la mikate anayetuvumilia kelele, wasalimie wanafunzi wote wa safu za nyuma, hata waliocheka. Noé msalimie pia, lakini kwa ufupi.

Wako katika kudai,

Désiré Kashindi
Mtundikaji, mpiga kaboni, mtoa mvuke

Nakala: familia ya Jimmy, Birmingham, ili wajue wanakuja kuongea na nani. Kijana atawatafsiria.

N.B. Maman, naongeza haya siku nne baadaye. Barua yako bado ninayo mfukoni, lakini ile nakala ya Birmingham Gracieuse aliipitisha kwenye mashine ya picha akaituma siku ileile. Jana simu ililia. Msemaji wa upande wao, baba mkubwa wa Jimmy, ameisoma mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho, wala hakuhitaji kutafsiriwa. Anaitwa Papa Nday. Walifika Birmingham mwaka 2004, kabla ya hapo walikuwa kambini, ya wakimbizi, na kabla ya kambi alikuwa mkuu wa posta ya Uvira, kuanzia mwaka 1976 hadi walipofunga milango.

Alicheka kwanza, nadhani dakika tatu, na simu analipa yeye. Halafu akasema: «Désiré! Si weye ule mulinzi wa baiskeli? Wakati ulikuwa ndani unatundika simu, baiskeli zangu zilibaki na nani?»

Maman, paliposimama baiskeli palikuwa chini ya dirisha. Kutoka pale mtu aliona simu, aliona taipu, akinyoosha shingo aliona na kiwanda cha chapa. Bandari haikuonekana.

Gracieuse anasema hilo, kwamba wakwe ni watu wa kwetu, ndilo alilotaka kuniambia mara zote tatu. Na Papa Nday amesema Kiingereza tarehe 15 hakitaingia salle, na Rigobert hamjui. Anataka kuongea na mtu wa baiskeli, kwa sababu kwa miaka mitano haikupotea hata moja, na mtu kama huyo ndiye wa kukabidhiwa mtoto wa watu na kumkabidhi mwingine.

Haikupotea hata moja. Hilo ni kweli, Maman, hata Noé anaweza kuweka alama.

Kwa hiyo yale maombi ya kwanza hadi ya tano yafute. Zile alama nne nilizopata mpe Rigobert, atafikisha dix-sept, kumi na saba, zitamsaidia pale karibu na soda.