Maktaba Yenu Imeniita Wifi Yangu

Mheshimiwa Meneja wa Kompyuta,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mama wa yule binti mrefu anayekaa karibu na dirisha, yule mwenye akili. Kama unao wawili wenye akili, wangu ni yule mrefu.

Nasikia Ijumaa mnachagua maktaba ya kutambua nyuso, kwa ajili ya mlango mpya usio na ufunguo. Mwanangu ameleta moja, wewe umeleta nyingine. Yake ikishinda, ataisimamia kazi ya mlango. Ikishindwa, atarudi kutoa fotokopi. Sikushikwa na uchungu siku mbili ili nizae fotokopi. Kwa hiyo nalalamika:

1. Jina. Nimesoma hadi darasa la saba na maktaba naijua: kuna vitabu, kuna kunyamaza. Mwanangu kanieleza kuwa yenu ni programu ambazo wengine wameshaziandika, nyinyi mnazichukua na kuzitumia. Nikamwambia, mwanangu, huko ni kuazima. Na wahenga hawakumung'unya maneno: nguo ya kuazima haisitiri matako. Basi mtu akiazima, Meneja, ajitazame vizuri nyuma.

2. Haraka. Unaisifu maktaba yako kwamba hutoa jibu kabla mtu hajapepesa jicho. Hata mbea wa mtaani kwetu hutoa jibu upesi hivyo hivyo.

3. Hapa ndipo panapouma. Siku ya majaribio nilimletea mwanangu chakula, nikapita pale mlangoni. Jioni kaja nyumbani na picha za kamera kwenye simu, nikajiona mara moja: kilemba changu cha maua ya zambarau, kichwa juu, heshima tupu. Chini yake maktaba yako imeandika: Mpokea Wageni, asilimia tisini na saba. Meneja, mpokea wageni wenu ni wifi yangu. Nina miaka kumi na tisa najitahidi nisifanane na wifi yangu kwa lolote. Uso wake umekunjamana kama shati lililolaliwa. Maktaba ya mwanangu, kwa picha ile ile, ilifikiri, ikafikiri tena, ikaandika: Simjui. Hayo ndiyo malezi. Usiyemjua, sema humjui.

4. Nimezaa watoto saba, wawili pacha, na sijawahi kumchapa asiye na kosa. Jicho langu halikosei sura. Ukiikataa maktaba ya mwanangu, basi zitupe zote mbili, uniwekee mimi kiti mlangoni. Nitamjua aliyenyoa, aliyenuna, na anayeingia na nguo za jana. Maktaba gani itakwambia hayo?

Wasalimie wote ofisini, hata mashine ya fotokopi. Wifi msalimie kwa mbali.

Ni mimi,
Mama wa yule mrefu

Tanbihi: Mwanangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema kamera iliwashwa mimi nimeshaondoka. Yule pichani ni wifi mwenyewe. Kilemba ndicho changu. Alikiazima mwaka jana, nami nikasahau, mpaka leo hajakirudisha. Maktaba yako ilitazama uso, mimi nikatazama kilemba. Na ya mwanangu imeshindwa kumjua mtu anayekaa mlangoni penu mwaka wa tisa huu. Hata hivyo, ichague hiyo hiyo. Mtoto hatupwi kwa kosa moja. Kile kiti usiniwekee. Mwambie tu wifi alete kilemba.