Wakwe Wamekunywa, Hawakutafuna

Igurwa, Karagwe

Kwa Bwana Mwonjaji wa Kahawa Maalumu,

Mwanangu, kwa umri wewe ndiwe wa kuniamkia, ila kwa cheo nakuamkia mimi: shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa posa ya binti yangu Adventina. Hiyo ni mgonjwa, na aliyeiambukiza ni wewe. Shule niliishia chini, kwa hiyo napanga kwa namba nisipotee.

1. Ulipokuja shambani kwetu ulisema tuchume kahawa nyekundu tu, ya kijani isiguswe. Tukakubali. Tangu hapo mwanangu Edgar analinda mibuni kuliko anavyomlinda dada yake. Nikipita na kikapu ananiuliza, mama, unakwenda wapi. Katika shamba nililolipalilia yeye akiwa mgongoni.

2. Wewe si wa huku, labda hukuambiwa. Hiyo ya kijani ndiyo tunayoichemsha na majani ya kunukia, tukaianika, ikawa akamwani, kahawa ya kumpa mgeni atafune. Mgeni asiyepewa akamwani hajakaribishwa, hata umchinjie mbuzi.

3. Juzi wakaja wakwe kutoka Bweranyange kumposa Adventina. Akamwani hakuna. Edgar akawaletea vikombe vidogo, kahawa chungu, bila sukari, bila hata tangawizi. Akawafundisha kuivuta kwa kelele kama unavyofanya wewe, kisha waiteme kwenye ndoo. Mzee Rwegoshora, baba wa kijana, akavuta. Kutema mbele ya mashangazi wa binti akaona aibu, akameza. Edgar akamuuliza kama amesikia ladha ya chungwa. Mzee akasema amesikia ladha ya kufukuzwa.

4. Wakaondoka kabla ya chakula. Ndizi zikabaki sufuriani zinanitazama. Wifi yangu Adelgunda anatangaza kwamba nyumba yetu imepanda daraja, imeshuka adabu. Binti analia huku anageuza kahawa kwenye vichanja, nami naogopa machozi yataingia humo, uonje chumvi, utupunguzie alama.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima, uje na koti lako jeupe twende Bweranyange, umpigie Mzee magoti useme kosa ni la ulimi wako. Ukiona ni mbali, basi ruhusu kila mbuni uwe na tawi moja la wakwe, ambalo wewe hulionji. Na yakishindikana yote, Edgar anasema hujaoa na kazi unayo. Utamwoa Adventina wewe mwenyewe. Mahari hatutakukandamiza.

Wasalimie wote mnaovuta na kutema pamoja. Mama yako mpe pole yangu kwa kukupikia miaka yote hiyo.

Ni mimi mzazi wako mwenye wasiwasi,
Evangelina, Mama Edgar

Nyongeza: Barua ilikuwa bado inangoja wa kuipeleka, mjumbe wa wakwe akafika. Mzee hakukasirika, alikuwa anatania. Aliharakisha kurudi awazuie watu wake, maana siku hiyo walikuwa wanachuma za kijani. Kumbe kikombe kile kilimkolea, naye sasa anataka nyekundu tu. Posa iko palepale, na harusini anataka kila mgeni apewe ile chungu. Kwa hiyo usije, na hayo ya kuoa usiyasome. Ila nijibu moja tu: mgeni akifika kwangu sasa, nimtie nini mkononi? Akamwani huondoka nayo, anaitafuna njiani mpaka kwake. Kikombe hunirudishia.